Saa za Kutoondoka

Jumatano, 7 Februari

Siku ya kwanza ya ziara. Nimevaa tangu saa kumi na moja alfajiri. Nimekagua mfuko wa kalamu mara nne. Abiria wazee thelathini, siku tano, mahekalu saba, majumba matatu ya wafalme, na mwisho wa yote hayo barua moja ya ajira. Moja! Na sisi tulio kwenye majaribio ni wawili: mimi, Sabesan, karani wa ratiba, na Devanayagi, mwongozaji. Bwana Kothandaraman, mwenye kampuni, amesema atakayeonyesha kwamba ana kichwa ndiye atakayebaki. Mwingine atashukuriwa. Nalijua neno hilo. Baba yangu aliwahi kushukuriwa na kampuni mbili.

Ratiba ni kazi ya mikono yangu. Imepigwa chapa kwenye kadi za njano, kila abiria na yake. Kila saa ya kuondoka nimeitoa katika kitabu cha falaki, maana wazee wetu hawainui mguu bila saa njema. Bwana mkubwa aliisoma, akaigonga muhuri, akatamka jambo moja tu: saa iliyopigwa chapa haibadilishwi. Hoteli zinangoja, makuhani wanangoja, na dereva ataandika kila saa ya kuondoka katika daftari la safari. Daftari hilo atalisoma yeye mwenyewe.

Saa tano na nusu nikaenda kunywa kahawa kwenye kibanda kilicho mkabala na ofisi. Ukutani kalenda ya kuchana, kama iliyo katika kila nyumba hapa Chennai. Nikaisoma, kwa sababu siwezi kuona maandishi nikayaacha. Jumatano. Saa ya Rahu: saa sita hadi saa saba na nusu.

Kahawa ikanipalia. Kadi yetu inasema kuondoka ni saa sita na robo!

Nikakimbia ofisini, nikafunua kitabu cha falaki. Jedwali lina safu mbili. Ya kushoto ni saa njema. Ya kulia ni saa ya Rahu, sayari ya nuhusi, ile saa moja na nusu iliyopangiwa mahali pake kila siku, ambayo mtu mwenye akili hafungui duka, hapeleki posa, hapandi basi. Nilinakili safu ya kulia. Siku zote tano. Kwa mwandiko mzuri sana.

Mpango: basi liondoke kabla ya saa sita, na mtu asijue kwa nini. Nikawatangazia abiria kwamba msafara wa waziri unakuja kufunga barabara. Walipanda kama watu wanaokimbia mvua. Nikafurahi mapema mno. Dereva wetu, Arokiasami, ni Mkristo. Ana picha ya Bikira Maria na rozari mbili juu ya usukani, na hatoi gari bila kukanyaga ndimu nne za kinga, moja chini ya kila tairi. Ndimu zilikuwa tatu. Nikamwambia tatu zinatosha, si ni Utatu Mtakatifu? Akanitazama kwa huruma. Akaniambia, "Mdogo wangu, gari lina miguu minne." Nikakimbilia sokoni na soli ya kiatu ikifunguka.

Saa sita kasoro dakika mbili ndimu zikapasuka. Basi likasogea hatua ishirini. Safari imeanza! Kisha likasimama, kwa kuwa abiria sita walikuwa bado chooni. Tukaondoka tena saa sita na robo, na dereva akaandika saa sita na robo. Rahu amepata haki yake, na Bwana Kothandaraman amepata yake.

Kiti cha mbele amekaa Mama Alamelu, mwalimu mkuu mstaafu, miaka sabini na mmoja, miwani ya mnyororo. Aliniita, akaniambia nimepona kwa dakika mbili tu, tungeangukia saa ya Rahu. Nikasema, kweli, Mama? Nikajitia hamnazo. Akasema na kadi yangu imekosewa. Nikasema wapiga chapa ni watu wa ajabu. Akanitazama jinsi anavyotazamwa mwanafunzi mwenye wino mdomoni.


Alhamisi, 8 Februari

Chidambaram. Asubuhi hekaluni. Wengine walitazama sanamu ya mungu Shiva akicheza. Mimi nilitazama saa.

Kadi: kuondoka saa nane kasorobo. Rahu: saa saba na nusu hadi saa tisa. Siwezi kuondoka mapema, chakula kinaandaliwa saa saba, na hakuna mzee atakayeacha jani la mgomba lenye wali, mchuzi wa dengu na mboga nne. Siwezi kuchelewa, daftari.

Nikiwa nakuna kichwa nikakumbuka alivyokuwa akifanya bibi yangu. Kama siku ya safari ina saa mbaya, mzigo mmoja hutangulizwa katika saa njema ukawekwa nyumba ya jirani. Mzigo ukishatoka, safari imekwisha kuanza. Mwenyewe atafuata wakati wowote apendao, Rahu hana la kusema.

Furaha ilinifanya niruke pale pale mlangoni pa hekalu. Saa saba kasorobo nikapita chumba hadi chumba nikiomba begi moja moja. Mabegi thelathini na moja, pamoja na langu. Nikayahamishia nyumba ya pili, kwa mwanamke muuza maua, nikayapanga barazani kwake kwa herufi za majina.

Mama Alamelu alifurahi mpaka macho yakamlenga. Akasema hajaona kijana wa siku hizi anayeijua desturi hiyo. Akauliza nani amenifundisha. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Devanayagi, aliyekuwa anakula ndizi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba kaka Sabesan ana mambo mengi kichwani, ni vile tu hayatoki kwa foleni. Watu walicheka. Nimeyaandika haya ili nisiyasahau.

Tukaondoka saa nane kasorobo kamili. Dereva akaandika. Niliimba moyoni.

Saa kumi na mbili jioni, Thanjavur, mbele ya hoteli, mzee mmoja akaomba begi lake.

Mabegi yako Chidambaram! Yote thelathini na moja, kwa herufi za majina, barazani kwa muuza maua.

Nilisimama kama mnara. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba mzigo wa heri haupandi gari moja na mwenyewe. Kwamba lazima ufuate nyuma, kwa njia yake, siku mbili. Sijui mdomo wangu ulitoa wapi hizo siku mbili. Mama Alamelu akatoa daftari dogo akaliandika jambo hilo. Akasema kila mkoa una undani wake.

Nimempigia muuza maua. Amenitolea uvivu kweli kweli: amesema baraza lake si ghala, wateja wanaruka mabegi. Nimembembeleza. Lori la maua linakwenda Madurai kesho, atayapakia. Nimelala na shati nililosafiria.


Ijumaa, 9 Februari

Siku mbaya. Nilijua nilipoona mkate wangu wa dosa umekuja na tundu katikati.

Kadi: kuondoka Thanjavur saa tano kasorobo. Rahu: saa nne na nusu hadi sita. Hapakuwa na begi la kutanguliza. Mpango: tuwe tumekwisha kupanda saa nne na robo. Kwa hiyo nikamwomba Devanayagi afupishe maelezo yake katika jumba la wafalme. Akaniuliza kisa. Nikasema joto. Akasema ni Februari. Nikasema joto la baadaye. Akatabasamu lile tabasamu lake la mtu aliyelala vizuri, akakubali, kwa sharti nimbebee kipaza sauti.

Nikabeba. Kina uzito wa mtoto wa ng'ombe. Akaanza vizuri, kwa ufupi, ukumbi wa kwanza dakika tano, wa pili dakika nne. Kisha, chini ya nguzo zilizopakwa rangi, akaona watu wanasinzia, akaamua kuwapa kisa cha mfalme mmoja ambaye wanajimu walimkataza kutoka katika saa ya Rahu, akatoka, na hakurudi tena kwenye jumba lake. Akakisimulia vizuri mno. Watu waliguna. Na mtu akiguna juu ya saa mbaya, hutazama saa yake. Akitazama saa yake, hutazama kadi.

Mzee mmoja akasoma kwa sauti: Ijumaa, saa tano kasorobo. Kisha akasema, "Hee! Si ndani ya Rahu hapa?"

Mama Alamelu akafungua begi lake la mkononi. Mle ndani hamkuwa na dawa wala picha za wajukuu. Mlikuwa na kitabu cha falaki, kimejaladiwa kwa plastiki. Akapitia mstari kwa mstari kwa kidole, kadi huku, kitabu huku. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi. Jumapili. Akavua miwani. Akasema, "Mwanangu Sabesan, njoo hapa. Sogea. Sogea tena." Akaniuliza kama nimetumwa na mtu kuwaua wazee thelathini, au ni wazo langu mwenyewe.

Devanayagi alinikodolea macho. Nikaona barua ya ajira ikitembea kwa miguu yake kumwendea.

Ndipo nikasema. Sijui nilisemaje, lakini nilisema kwa uso mkavu. Nikasema: Mama, mmesoma kadi vibaya. Hizo siyo saa za kuondoka. Hizo ni saa za kutoondoka. Ni onyo. Kampuni gani nyingine inawachapishia wateja wake saa ya nuhusi ya kila siku, ili wasije wakajisahau?

Njiwa wakaruka darini.

Kisha mzee wa kwanza akasema, loo! Wa pili akasema kampuni aliyosafiri nayo mwaka jana haikumjali hivyo. Mama Alamelu akasoma kadi upya, polepole, akasema basi palipaswa kuandikwa waziwazi. Nikasema wapiga chapa, Mama. Akakubali kwamba wapiga chapa ni janga la nchi.

Nilikuwa nimeokoka! Kwa muda wa dakika nne hivi. Kwa sababu saa ilipofika hakuna aliyekubali kupanda. Saa za kutoondoka, si nimesema mwenyewe? Wakakaa kivulini wakila maembe mabichi yenye chumvi na pilipili hadi saa sita na dakika tano. Dereva akaandika saa sita na dakika tano. Nilimwomba aandike vingine. Akasema kalamu yake haijui.

Bwana Kothandaraman akapiga simu jioni. Sauti ya chini, ile mbaya. Alikuwa ameongea na dereva. Akaniuliza saa moja na dakika ishirini imekwenda wapi, nimeila? Ikitokea tena, nitashukuriwa. Nikasema ndiyo bwana mkubwa, ndiyo bwana mkubwa, hadi nikagundua amekwisha kukata.

Devanayagi aliketi nami wakati wa kahawa. Akasema ameshajua. Akasema mimi nikitumbukia shimoni, naanza kuwauzia watu maji ya kisima. Nikamwuliza kama atanisemea kwa bosi. Akasema ana haja gani, wakati ninafanya kazi hiyo vizuri mwenyewe.


Jumamosi, 10 Februari

Madurai. Shati lile lile.

Hali ilivyo: kadi saa tatu na robo. Rahu saa tatu hadi saa nne na nusu. Abiria hawataki kuondoka ndani yake. Bosi hataki kuondoka nje yake. Mimi niko katikati kama nyama ya sambusa.

Nimekaa kitandani tangu alfajiri nikitingisha mguu. Saa mbili likanijia. Wazo zuri! Daftari linaandika saa ya basi. Halijauliza kama ndani kuna watu.

Wazee walikuwa na Devanayagi hekaluni kwa mungu wa kike Meenakshi. Nikamwambia Arokiasami kwamba saa tatu na robo basi litaondoka, tupu, lizunguke mitaa minne ya hekalu, lirudi liwachukue. Atakuwa ameandika ukweli mtupu. Akawaza. Akauliza ni dhambi? Nikasema ni duara. Akasema kesho anapokea komunio, hataki mzigo moyoni. Nikasema mzigo wowote nitaubeba mimi. Akasema basi panda na wewe, ubebe ukiwa ndani.

Nikapanda. Saa tatu na robo, ndimu nne, tukaondoka. Akaandika. Nikapumua.

Tulipokata kona ya kwanza ndipo nilipoelewa. Nimeondoka katika saa ya Rahu. Mimi. Peke yangu! Kati ya watu wote thelathini na watatu wa ziara hii, ni mimi tu niliyeanza safari ndani ya nuhusi, kwa hiari yangu, kwa mpango wangu. Nikapiga kelele asimamishe. Hangeweza kusimama. Mbele yetu kulikuwa na harusi, ngoma, zumari, bwana harusi juu ya farasi asiyetaka kwenda. Nyuma yetu mkokoteni wa ng'ombe wenye mabomba ya chuma. Nikashika rozari moja ya dereva. Akasema niishike taratibu, ni ya mkewe.

Tulitumia saa mbili na nusu kuzunguka hekalu moja. Nilitubu kwa miungu yote ninayoijua, na kwa ya dereva pia.

Tuliporudi, abiria walikuwa wamekaa kwenye ngazi za jumba la mfalme Nayak, wameshiba, wametulia. Mama Alamelu akasema vizuri, saa imepita salama, nilikuwa wapi? Nikasema nilikuwa nalikagua basi.

Habari njema moja. Mabegi yamefika na lori la maua. Thelathini. Yananukia asumini kiasi kwamba nyuki wametufuata hadi njia kuu. Lililokosekana ni langu.


Jumapili, 11 Februari

Naandika haya ndani ya basi, halafu hotelini Mysore, halafu tena asubuhi kwa sababu mkono ulikataa.

Bosi amekuja Mysore kwa treni. Alipiga simu saa nane: saa kumi na mbili kasorobo jioni atakuwa mbele ya jumba la mfalme na bango la kampuni, apige picha na abiria kabla jua halijazama. Kisha saa moja taa za jumba zitawashwa, maelfu kwa maelfu, kama kila Jumapili. Barua anayo mfukoni. Amelitamka hilo kwa makusudi.

Tulikuwa Nanjangud, hekalu la mwisho, mwendo wa dakika hamsini. Kadi: saa kumi na moja kasorobo. Rahu: saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili. Saa kumi na dakika arobaini abiria walikuwa wamejipanga chini kwenye kivuli cha mnara wa lango, wametulia tuli. Nilizunguka basi mara kumi na moja. Arokiasami alisema nitachimba mtaro.

Mpango. Nikamwendea Mama Alamelu. Nikamwambia kwa heshima kwamba tumevuka mpaka, tuko jimbo la Karnataka sasa, na mtaalamu kama yeye anajua Rahu wa kweli hapimwi kwa kalenda ya Chennai. Hupimwa kwa kuchomoza na kuzama kwa jua la mahali. Pengine jua la huku ni la namna nyingine?

Macho yakamwaka. Miaka thelathini na minane alifundisha hesabu. Akasema hatimaye kijana mmoja ametumia ubongo. Akatoa kalamu ya risasi. Akauliza jua limechomoza saa ngapi Mysore, limezama saa ngapi jana, nikapiga simu hotelini. Akaigawa siku mafungu manane. Akafuta. Wazee wakamzunguka. Mmoja akasema anasahau kubeba moja. Mama Alamelu akamwambia akae chini. Akagawa tena, kwa unadhifu, akapigia mistari miwili.

Jibu: nilikuwa nimesema kweli! Kwa jua la Mysore, Rahu haanzi saa kumi na nusu. Anaanza saa kumi na moja kamili. Tulikuwa huru kuondoka saa kumi na moja kasorobo kama kadi ilivyosema. Nikaruka. Nikapiga makofi. Nikasema haya, wazee wangu, pandeni.

Mama Alamelu akatazama saa. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika nne.

Na kwa hesabu hiyo hiyo, akasema, anakwisha saa kumi na mbili na dakika ishirini na saba. Siyo saa kumi na mbili. Nimewaongezea karibu nusu saa.

Bosi alipiga simu mara saba. Ya nane nilimpa Arokiasami. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema ndiyo, akanirudishia. Nilimwuliza dereva bosi amesemaje. Akasema maneno ambayo hawezi kuyarudia Jumapili.

Tulifika saa moja na dakika ishirini. Taa zilikuwa zimewaka. Jumba zima lilikuwa limechorwa kwa moto dhidi ya giza, kila kuba, kila upinde. Wazee waliteremka wakasahau viatu. Mama Alamelu alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi sikuona kitu, maana mbele ya taa hizo zote alikuwa amesimama Bwana Kothandaraman peke yake, ameshika bango upande mmoja, upande wa pili umelala chini.

Akanijia. Nikafumba macho.

Mama Alamelu akatutangulia. Akamwuliza yeye ndiye mwenye kampuni? Akasema katika ziara tisa alizokwenda hajaona kadi yenye saa za kutoondoka. Wazo la nani? Wenzake wakaitikia, wote kwa pamoja. Wakasema mabegi yao yalitangulizwa kwa heri, yakarudi yananukia asumini. Wakasema ziara ya mji mtakatifu wa Kashi ikiandaliwa na kijana huyu, majina yao thelathini yaandikwe leo.

Bosi alinitazama. Akawatazama. Akatazama kadi ya njano. Kisha akajikohoza akasema, ndiyo, wazo hilo alikuwa nalo kwa muda mrefu.

Akanivuta kando. Akasema hajaelewa kilichotokea na hataki kuelezwa. Jumanne nije ofisini nitie sahihi.

Barua ni yangu! Devanayagi alinipa mkono. Ulikuwa mkavu. Wangu ulikuwa maji.


Jumatatu, 12 Februari

Kutwa nzima ndani ya basi tukirudi Chennai. Kadi haisemi kitu juu ya leo, kwa hiyo tumeondoka wakati ambao kila mtu aliupenda. Ajabu, hakuna lililotokea. Nilishindwa kukaa. Arokiasami aliniomba niache kupumulia shingo yake.


Jumanne, 13 Februari

Naandika kwa utulivu. Nitajaribu.

Niliingia ofisini saa mbili asubuhi, shati jipya. Nikangoja kuitwa. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Nilichonga kalamu zote za risasi za ofisi, na mbili za ofisi ya jirani.

Saa tisa na dakika kumi bosi akaniita. Barua ilikuwa mezani, ina muhuri, nafasi ya jina iko wazi, ijazwe na atakayetia sahihi. Akasema ana ndege ya Delhi, saa kumi anatoka, nitie sahihi upesi. Akanipa kalamu yake mwenyewe.

Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na kalenda. Jumanne. Saa ya Rahu: saa tisa hadi saa kumi na nusu.

Kazi ya maisha yangu yote! Nianze nayo ndani ya nuhusi? Baada ya Jumamosi ile, ambayo bado nina deni lake? Hapana. Nikafanya hesabu haraka. Saa moja na dakika ishirini tu. Nikasema kalamu haina wino. Akaijaribu, ikaandika. Nikaomba kuisoma barua. Nikaisoma. Nikaomba kuisoma tena, kwa sababu ya lugha yake nzuri. Nikaomba ruhusa nimpigie mama yangu anipe baraka. Mama alinipa kwa dakika moja, mama ambaye siku nyingine hakati simu kabla ya nusu saa! Ikawa saa tisa na nusu. Nikashika tumbo. Nikasema ni zile idli nilizokula asubuhi. Nikaenda chooni nikajifungia.

Nilikaa humo saa nzima, nikisimama na kuketi. Waligonga mara tatu. Nilinguruma kiugonjwa. Mpango ulikuwa safi: hatatoka bila sahihi yangu, atangoja, kama hoteli zinavyongoja.

Saa kumi na dakika thelathini na moja nikatoka, nimenawa uso, kalamu mkononi.

Bosi alikuwa amekwenda. Mezani kwake ameketi Devanayagi, anakunywa kahawa. Barua ilikuwa mbele yake, jina lake, sahihi yake, wino umekauka. Akaniambia bosi aliuliza mara tatu niko wapi, akasema mtu anayeikimbia kazi chooni haitaki, akamwita yeye.

Nikamwuliza kwa sauti iliyopasuka kama hakuona kalenda. Saa ya Rahu! Amewezaje?

Akasema, "Kaka, mimi nilizaliwa Jumanne, saa tisa na nusu. Rahu kwangu ni kama mjomba."

Mimi nimeongezewa majaribio miezi sita, chini yake. Alinitetea mwenyewe, amesema. Na amenipa kazi ya kwanza: ratiba ya Kashi, siku kumi na mbili, wazee wale wale thelathini.

Nilihuzunika mpaka saa kumi na moja. Kisha nikaona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kadi moja! Kadi moja haiwezi kumridhisha bosi na Rahu kwa pamoja. Safari hii zitakuwa mbili, zenye saa tofauti: ya waridi kwa abiria, ya kijani kwa ofisi. Hakuna atakayeziona zote mbili ila mimi. Nimekwisha kunakili siku nne za mwanzo, kwa mwandiko mzuri sana, na nimezipeleka kwa mpiga chapa.

Waridi kwa abiria, kijani kwa ofisi. Au kijani ndiyo ya abiria? Nilisema naye kwa simu, kulikuwa na kelele. Kesho nitauliza.